Maswali ya Wasomaji: Fedha za Shule na Imani Iliyopotea

Barua nne kati ya tulizopokea kwa ajili ya ukurasa huu zinahusu jambo moja, nasi tumeona vyema kuzijibu pamoja. Walioziandika wanaishi Marekani, ambako wilaya ya shule si wilaya ya utawala, bali ni mamlaka yenye bajeti yake na bodi ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wapiga kura. Wilaya za namna hiyo ni takriban 13,000. Fedha zao hutoka hasa katika hazina ya jimbo na katika kodi za eneo lenyewe, kubwa ikiwa kodi ya majengo na ardhi, huku serikali kuu ikichangia sehemu ndogo iliyo karibu na moja ya kumi. Kwa hiyo mzazi anayeuliza fedha za shule zimekwenda wapi huwa pia anauliza kuhusu kodi ya nyumba yake. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa ombi lao.

Swali: Nilichaguliwa mwaka jana kuwa mjumbe wa bodi ya wilaya yetu ya shule. Kabla yetu, ofisa wa fedha aliondoka kimya kimya, na baadaye ikabainika kwamba kampuni kadhaa zililipwa bila kutoa huduma yoyote. Tulipowaomba wapiga kura waidhinishe nyongeza ya kodi walikataa, na katika kila mkutano tunaambiwa kwamba sisi ni wale wale. Wenzangu wanapendekeza tuajiri mtaalamu wa mawasiliano atusafishie jina. Je, huko ndiko kwa kuanzia? (Mjumbe wa bodi)

Jibu: Ndugu mjumbe, hongera kwa kuchaguliwa, na pole kwa urithi uliokukuta mezani. Huko siko kwa kuanzia. Mtaalamu wa mawasiliano anaweza kupata kazi yake baadaye, lakini akiletwa sasa, wapiga kura watamwona kuwa gharama nyingine iliyoingiwa ili kuwanyamazisha, tena kwa fedha zao wenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wananchi wenu wameumwa. Kosa la bodi nyingi zilizofikwa na hali kama yenu ni kuwaomba watu imani, ilhali watu wanataka uwezo wa kuhakiki. Lugha yetu inatusaidia kidogo hapa, kwa kuwa amana na imani ni maneno ya shina moja: fedha ya kodi ni amana, na mwenye kuweka amana hahitaji hotuba kuhusu uadilifu wa mtunzaji, bali anataka aonyeshwe mali yake kila anapoiuliza.

La kwanza, basi, ni kueleza yaliyotokea kwa ukamilifu kabla hayajaelezwa na mtu mwingine. Semeni ni kiasi gani kilichopotea na katika kipindi gani, malipo yalipita katika ofisi zipi, ni hatua gani ya udhibiti iliyorukwa, na bodi ya wakati huo ilijua nini na lini. Kama kuna jambo ambalo wakili au mwendesha mashtaka amewazuia kulisema, tamkeni wazi kwamba limezuiwa, kisha mtaje mkutano mtakaorudi kulieleza, na siku hiyo mrudi hata kama hamna jipya.

Kisa kinachopaswa kusomwa na kila mjumbe wa bodi ni cha Roslyn, katika jimbo la New York. Mwaka 2002 bodi ya wilaya hiyo iligundua kwamba msaidizi wa msimamizi mkuu (yaani mtendaji mkuu wa shule za wilaya), aliyeshughulikia fedha, alikuwa ameiba, kwa hesabu ya wakati ule, dola 250,000. Bodi haikwenda polisi. Ilimruhusu arudishe fedha hizo na aondoke kazini bila umma kuambiwa kitu, na aliyeishawishi ifanye hivyo alikuwa msimamizi mkuu, ambaye, kama ilivyokuja kujulikana, naye alikuwa mwizi. Jambo lilifumuka mwaka 2004, gazeti la wanafunzi wa sekondari ya hapo likiwa miongoni mwa waliotangulia kuliandika, na ukaguzi wa Mdhibiti wa Fedha wa jimbo uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba fedha zilizochotwa zilizidi dola milioni 11. Wote wawili walifungwa. Kwa maoni yangu, wizi ule ungeweza kusameheka kwa bodi iliyodanganywa, lakini miaka miwili ya ukimya iliifanya bodi ionekane mshirika, na doa hilo halikuondoka kwa hukumu ya mahakama.

Baada ya mkasa huo, jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2005 ambayo nawashauri muisome hata kama nyinyi mko jimbo jingine. Iliwataka wajumbe wa bodi wapate saa 6 za mafunzo ya usimamizi wa fedha, iliunda kamati za ukaguzi, iliagiza kazi ya ukaguzi wa nje itangazwe kwa ushindani angalau kila baada ya miaka 5, na ilisisitiza kwamba anayekagua hati za madai kabla hazijalipwa awajibike kwa bodi moja kwa moja, wala si kwa mkuu wa fedha. Vilevile Mdhibiti alipewa jukumu la kukagua wilaya zote za jimbo hilo, na wilaya inayopokea ripoti yake ina siku 90 za kuwasilisha mpango wa kurekebisha kasoro zilizoonekana.

Hizo siku 90 ndizo ninazotaka mziige. Chukueni kila hoja ya ukaguzi, iandikwe katika jedwali moja lililo wazi kwa umma, pamoja na cheo cha anayewajibika kuifunga, tarehe aliyoahidi, na ushahidi wa kwamba imefungwa. Jedwali hilo liwe ajenda ya kwanza ya kila mkutano wa kawaida wa bodi, kabla ya pongezi na kabla ya picha za wanafunzi waliofaulu. Hoja isifungwe na ofisi iliyoisababisha. Tarehe ikipita bila kazi kukamilika, jedwali liseme hivyo kwa wino ule ule, kwa kuwa jedwali ambalo kila mstari wake umetimia kwa wakati halitaaminiwa na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini. Ninajua wakili wenu ataogopa. Msikilizeni kuhusu kesi iliyo mahakamani, lakini msimkabidhi uamuzi wa kila kitu, maana mficha uchi hazai.

Ndani ya ofisi yenyewe kazi inayookoa fedha haina mvuto wowote: ni kutenganisha mikono. Aliyeagiza bidhaa asiwe ndiye anayeipokea, aliyeipokea asiwe ndiye anayeandaa malipo, na anayeandaa malipo asiwe ndiye anayelinganisha taarifa ya benki na daftari. Kampuni hewa kama zile zilizowaliza huingia mahali ambapo mtu mmoja anaweza kumsajili mzabuni, kuidhinisha ankara yake na kutoa malipo. Katika wilaya ndogo yenye wahasibu wawili utenganisho kamili hauwezekani, na hapo mjumbe wa bodi au mkaguzi wa ndani anayeajiriwa kwa saa chache hulazimika kuwa mkono wa tatu. Na kabla hamjawabana makarani, chapisheni kwanza madai ya safari na posho za wajumbe wa bodi na za msimamizi mkuu, kila mwezi, risiti zikiwa zimeambatishwa. Ni fedha kidogo katika bajeti nzima, lakini ndizo ambazo kila mtu ana uwezo wa kuzipima kwa akili yake, na ndipo wengi watakapoanzia kuwapima nyinyi.

Kuhusu nyongeza ya kodi, msirudi kwa wapiga kura mapema. Mtakaporudi, ombi lenyewe liwe limefungwa mikono. Huko California, marekebisho yaliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2000, yanayojulikana kama Proposition 39, yaliziruhusu wilaya kukopa kwa hatifungani za majengo kwa kura asilimia 55 badala ya theluthi mbili, lakini kwa masharti: miradi iorodheshwe kabla ya kura, fedha zisilipie mishahara wala gharama za kawaida za uendeshaji, ukaguzi ufanywe kila mwaka, na iundwe kamati ya wananchi ya usimamizi yenye watu wasiopungua 7. Katika kamati hiyo hatakiwi mfanyakazi, mzabuni wala mshauri wa wilaya, na hutakiwa kuwamo mzazi, mwakilishi wa chama cha walipa kodi na mwakilishi wa wazee. Nyinyi mnaweza kujiwekea masharti ya namna hiyo bila kusubiri sheria. Ushauri wangu ni kwamba nafasi mojawapo mpeni yule anayewasumbua zaidi mikutanoni, kwa sababu akiridhika yeye hamtahitaji msemaji, na asiporidhika mtakuwa mmejua kasoro yenu mapema.

Swali: Kila mwaka tunasomewa kwamba hesabu za wilaya zimepata hati safi. Kisha tukasikia kwamba karani wa shule mmoja alikuwa akichota fedha za vilabu vya wanafunzi kwa miaka kadhaa. Kama mkaguzi hakuona, tunamlipa kwa kazi gani? (Mzazi)

Jibu: Ndugu mzazi, uchungu wako una msingi, ingawa hati safi haijawahi kumaanisha kile ambacho wasomaji wake hukisoma. Mkaguzi wa nje hutoa maoni kwamba taarifa za fedha, zikitazamwa kwa jumla, hazina makosa makubwa kiasi cha kumpotosha msomaji. Huchukua sampuli, na huweka kiwango ambacho chini yake kosa huhesabiwa kuwa dogo. Katika wilaya yenye bajeti ya dola milioni 100, karani anayechukua dola mia mbili kwa wiki kutoka katika mauzo ya tiketi za mechi anaweza kupita chini ya kiwango hicho maisha yake yote ya kazi.

Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, ambacho hukusanya visa vya wizi wa kazini kutoka nchi nyingi, kimekuwa kikiripoti kwamba zaidi ya asilimia 40 ya visa hivyo hugunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wenzake mwizi, wakati ukaguzi wa nje hugundua chini ya asilimia 5. Kwa hiyo swali la kuiuliza wilaya yenu ni hili: karani wa pili, yule aliyeona na akaogopa, alikuwa na mahali pa kusema? Njia ya kutoa taarifa inayoishia mezani kwa mkuu wa fedha haimsaidii mtu anayemshuku mkuu wa fedha. Taarifa iende kwa kamati ya ukaguzi ya bodi au kwa mtu wa nje ya wilaya, na wilaya itangaze kila mwaka imepokea taarifa ngapi na imezifanyia nini, bila kuwataja waliozitoa.

Fedha taslimu zilizopo shuleni zina dawa za kawaida zinazojulikana na kila mtunza hazina wa kikundi: stakabadhi zenye namba zinazofuatana, watu wawili kuhesabu pamoja, na kupeleka benki siku ile ile. Jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu ni kwamba pamoja na hati, mkaguzi mara nyingi huandika barua kwa uongozi akieleza udhaifu aliouona katika udhibiti. Iombeni barua hiyo. Ombeni ya mwaka huu na za miaka miwili iliyotangulia, mziweke sambamba, na mtafute hoja iliyojirudia. Hoja mpya huonyesha kwamba mkaguzi anafanya kazi, lakini hoja ile ile ikiwa ya mwaka wa tatu mfululizo hukuonyesha ni nani katika uongozi asiyefanya kazi. Wilaya zinazotumia fedha nyingi za serikali kuu hulazimika pia kufanyiwa ukaguzi maalumu wa fedha hizo. Kiwango kilikuwa dola 750,000 kwa mwaka, na kimepandishwa hadi dola milioni 1 kwa miaka ya fedha inayoanza Oktoba 2024 na kuendelea. Ripoti hizo zimewekwa wazi na serikali kuu, na huhitaji ruhusa ya mtu yeyote katika wilaya yako ili uzisome.

Swali: Mimi ni ofisa wa hesabu. Bajeti yetu ina kurasa zaidi ya 200 na yeyote anaweza kuisoma, lakini bado tunaambiwa tunaficha. Tufanye nini zaidi? (Ofisa wa hesabu)

Jibu: Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila hawakusema kwamba daftari liwe la kurasa 200. Aliyemwaga kila kitu mezani na aliyeficha kila kitu humwacha msomaji mahali pamoja.

Kisa cha kujifunza hapa kinatoka Uganda. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilizipelekea shule za msingi kwa gharama zisizo za mishahara, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu iliyofika shuleni, nyingine ikiishia njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zinapokea zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wamebishana ni sehemu gani ya mafanikio hayo iliyotokana na magazeti na ni sehemu gani iliyotokana na mageuzi mengine yaliyofanywa wakati ule ule, na ubishi huo ni wa haki. Kwa kazi yako, hata hivyo, tazama jinsi taarifa ilivyotolewa. Haikuwa bajeti ya taifa. Ilikuwa namba mbili, iliyotumwa na iliyopokelewa, na ya pili ilibandikwa mahali ambapo mwalimu na mzazi wangeweza kuilinganisha na idadi ya vitabu walivyoviona darasani.

Andaa basi ukurasa mmoja kwa kila shule: fedha zilizopangwa, fedha zilizotumika, tofauti yake na sababu ya tofauti hiyo kwa sentensi ya kawaida. Takwimu nyingi unazo tayari, kwa sababu sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 2015 inaagiza matumizi kwa kila mwanafunzi yaripotiwe shule kwa shule. Sehemu ngumu ni sababu. Ukiandika kwamba kasma ya usafiri imezidi kwa asilimia 12 kutokana na mabadiliko ya kiuendeshaji, hujasema kitu; ukiandika kwamba madereva watatu waliacha kazi na njia zao zikapewa kampuni ya kukodi, msomaji anaweza kukubali au kukataa, na vyote viwili ni afadhali kuliko kunung'unika gizani. Michoro ya rangi uitumie kwa kiasi.

Swali: Wilaya yetu imetangaza kupunguza walimu, ilhali taarifa zake zinaonyesha mamilioni ya dola benki, na uwanja mpya wa michezo unaendelea kujengwa. Nani anadanganya? (Mlipa kodi)

Jibu: Huenda hakuna anayedanganya, na hilo ndilo linaloudhi. Fedha za wilaya ya shule hazikai katika chungu kimoja. Zilizokopwa kwa hatifungani za ujenzi zimefungwa na masharti ya kura iliyoziidhinisha, na bodi itakayozitumia kulipa walimu itakuwa imevunja sheria kwa nia njema. Fedha za chakula cha wanafunzi na ruzuku za mahitaji maalumu nazo zina mipaka yake. Kinachobaki huru ni salio la mfuko mkuu, na hata hilo si la kumalizwa: chama cha maofisa wa fedha za serikali cha Marekani na Kanada, GFOA, hushauri akiba isiyopungua matumizi au mapato ya kawaida ya miezi miwili, kwa kuwa kodi huingia kwa misimu na mishahara hulipwa mwezi baada ya mwezi.

Lakini bodi nazo zina kesi ya kujibu. Kati ya mwaka 2020 na 2021 serikali kuu ilitoa takriban dola bilioni 190 za kuzisaidia shule kwa sababu ya janga la UVIKO, kwa sheria tatu, na sehemu kubwa ya mwisho ilitakiwa iwe imepangiwa matumizi kufikia mwisho wa Septemba 2024. Zilikuwa fedha za mara moja. Wilaya kadhaa zilizitumia kuajiri watu kwa nafasi za kudumu, na zilipokwisha zikawatangazia wananchi upungufu kana kwamba umeanguka kutoka mbinguni. Aliyepanga ajira hizo alijua tarehe. Kama yenu ni miongoni mwa hizo, mnastahili kuambiwa lini ilijulikana.

California ilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka 1991 wilaya ya Richmond iliishiwa fedha na kutangaza kwamba itafunga shule wiki 6 kabla ya muhula kwisha. Wazazi wakaenda mahakamani, na jimbo likaamriwa kuhakikisha watoto wanamaliza mwaka wao. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria inayoitaka kila wilaya kutoa tamko mara mbili kwa mwaka kama itaweza kulipa madeni yake mwaka huo na miaka miwili inayofuata: itaweza, huenda isiweze, au haitaweza. Tamko la pili, lile la mashaka, ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu huwalazimisha viongozi kutoa habari mbaya wakati bado kuna muda wa kuchagua nini kipunguzwe.

Nenda kwenye mkutano ujao wa bodi ukiwa na maswali matatu yaliyoandikwa. Katika salio lililoonyeshwa, ni kiasi gani ambacho bodi iko huru kukitumia kwa mishahara? Je, nafasi zinazofutwa zililipiwa kwa fedha za muda, na ni lini bodi ilijua kwamba fedha hizo zitakwisha? Na makadirio ya miaka mitatu ijayo yanaonyesha nini, kwa dhana zipi za idadi ya wanafunzi? Omba majibu kwa maandishi yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Ukijibiwa swali la kwanza kwa namba na la pili kwa tarehe, unashughulika na watu wanaojua hesabu zao, hata kama hukubaliani na walichoamua. Ukiambiwa kwamba suala hilo ni la kitaalamu mno, tuandikie tena, na utuambatishie barua ya mkaguzi kwa uongozi.